Msanii Hajulikani: Nyimbo na Wenyewe katika Ngara na Biharamulo

Mwaka 2002 nilikuwa nikisafiri kwa basi kutoka Ngara kwenda Biharamulo. Tulipofika Lusahunga, pale njia ya Biharamulo inapoachana na barabara kuu iendayo Nyakanazi, basi likazuiwa. Miaka ile majambazi wenye bunduki walikuwa wakiteka magari katika mapori ya wilaya hiyo, na abiria walilazimika kungoja mpaka magari yakusanyike na askari wa kuyasindikiza wapatikane. Kungoja huko kulikuwa neema kwa wachuuzi. Palikuwa na mahindi ya kuchoma, karanga na maji, na kando yake kibanda cha mabati kilichosheheni kanda za kaseti, redio yake ikilia kwa betri ya gari. Ndipo nikasikia, kwa sauti iliyokwaruza kwa kunakiliwa mara nyingi, maneno yangu mwenyewe.

Sisemi maneno yaliyofanana na yangu. Lilikuwa shairi nililolitunga hapa kisiwani, nikampa mwimbaji mmoja wa taarabu kwa ajili ya harusi ya jamaa, naye akaliimba, na mtu fulani hadharani akalirekodi. Limevuka vipi bahari, likapita Dar es Salaam, likafika kwenye pori la Biharamulo, Mungu ndiye ajuaye. Kanda niliyooneshwa ilifunikwa kwa karatasi ya daftari badala ya jalada, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino: "Taarabu Mchanganyiko 4." Nilimwuliza muuzaji, kijana mwenye adabu zake, ni nani aliyeutunga wimbo ule. "Hiyo ya Mombasa hiyo, kaka," akanijibu bila ya kusita. Nilicheka, halafu nikaona uchungu, halafu nikatoa shilingi mia tano nikainunua kanda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nimeibiwa nini hasa. Fedha? Shairi lile sikulipwa hata na mwenye harusi, wala sikudai. Hadhira? Yule kijana amenipa hadhira ambayo hakuna mchapishaji aliyepata kunipa. Nilichopungukiwa ni kitu kimoja tu, nacho ni jina. Nimeona niiandike historia hii fupi ya kunakili na kununua nyimbo katika wilaya hizo mbili nikiwa na swali hilo mkononi, kwa sababu kelele za uharamia wa muziki husikika zaidi kutoka mijini, ambako duka la halali lilikuwapo na mtu akachagua kutoliendea. Ngara na Biharamulo chaguo hilo halikuwapo.

Neno lenyewe "haramia" ni la kwetu watu wa pwani. Tumelirithi kutoka kwa Waarabu na tukalitumia kwa wanyang'anyi wa majini. Huko juu, ambako mto Ruvubu hukutana na maji yatokayo Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo, hakuna bahari wala jahazi, na sijawahi kumsikia Mhangaza akimwita mwenye kibanda cha kanda kwa jina hilo. Alikuwa "fundi". Ndiye aliyetengeneza redio, akachaji betri na akarekodi nyimbo.

Enzi ya santuri haikuwa na uharamia wa aina hii, na sababu yake haikuwa uadilifu. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, sauti zao zilichongwa katika sahani ngumu ambayo hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuichonga tena nyumbani. Aliyetaka sahani ilimbidi ainunue, na sahani ilikuja na jina la mwimbaji katikati yake. Wanaume wa Bugufi, yaani sehemu kubwa ya Ngara ya leo, walikuwa wakienda Buganda kufanya kibarua katika mashamba ya pamba na kahawa, na huko walionja mambo ya mjini, santuri zikiwamo. Lakini gramafoni ilikuwa chombo cha wachache.

Baadaye ikaja redio, na hapa jiografia ya wilaya hizi ilifanya kazi yake. Mtu wa Ngara yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, ila Kigali na Bujumbura ziko jirani. Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda kiasi kwamba msikilizaji hahitaji mkalimani. Hivyo sikio la mpakani lilikulia katika nyimbo za mataifa manne kwa pamoja: za Radio Tanzania zilipokubali kusikika, za Bujumbura, za Kigali, na rumba la Zaire lililopenya kila mahali. Kuziita nyimbo hizi "za kigeni" na hizi "za kwetu" ni desturi ya ofisini.

Kampuni ya Philips ilikuwa imeitoa kaseti yake mwaka 1963, lakini kwetu kaseti ilikuwa adimu mpaka serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Redio-kaseti zilimiminika. Hapo ndipo kila nyumba yenye kifaa hicho ilipopata uwezo wa kuwa kiwanda kidogo. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikirekodi katika studio za Radio Tanzania, nyimbo zikarushwa nchi nzima, nchi nayo ikarekodi kutoka redioni. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Nyingi zilifyatuliwa Kenya. Kwa hiyo wimbo wa Kitanzania ungeweza kupendwa na mamilioni ya watu ilhali haupo dukani popote nchini. Ilikuwapo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, lakini sheria inayomkataza mtu kuiba mkate hupata taabu pale ambapo mkate hauuzwi.

Nani aliyekuwa akiinakili kanda Ngara? Mtu mwenye redio-kaseti ya milango miwili na umeme wa jenereta au betri. Kanda tupu ilikuwa ghali, hivyo ya zamani ilifutwa ikaandikwa upya, na mwisho wa wimbo uliweza kusikia mkia wa mahubiri au wa matangazo ya vifo. Kuirudisha kanda nyuma kwa mota kulikula betri, kwa hiyo watu waliizungusha kwa kalamu ya Bic. Mpaka leo nikiona kalamu hiyo mkono wangu hutaka kuzunguka.

Mimi nilifika huko mwaka 1994. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa ishirini na nne. Sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imehesabu wakazi wasiofika laki mbili katika wilaya nzima ya Ngara, basi msomaji na apime mwenyewe. Kambi ilisimama Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, na mashirika ya misaada yakawa yanatafuta watu wanaojua kuandika na kufasiri. Mimi, ambaye sikupata skuli ya maana, nilikuwa najua Kiswahili, Kiingereza cha kujifunza kwa kamusi, na hamu ya lugha. Kinyarwanda nilikiokota hapo hapo.

Kambini soko lilikua kabla ya choo. Miongoni mwa biashara za mwanzo, baada ya chumvi na sigara, ilikuwa kunakili kanda. Watu waliokimbia bila ya blanketi walikuwa wamekimbia na kaseti, kwa kuwa ni nyepesi na hukaa mfukoni. Palikuwa na nyimbo za kanisani, nyimbo za mapenzi, nyimbo za ng'ombe, na nyimbo ambazo mfanyakazi mwenzangu Mnyarwanda alinitaka nisizifasiri. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha hapo Ngara kituo cha Radio Kwizera, jina lenye maana ya matumaini, na watu wakaanza kurekodi pia kutoka huko.

Kuhusu zile nyimbo nilizotakiwa nisizifasiri, inafaa nitaje jambo moja. Mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilirushwa na redio RTLM wakati wa mauaji ya kimbari, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kule Arusha. Tarehe 2 Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na tano. Majaji walikubali kwamba nyimbo zile zilitumika kuchochea chuki, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba yeye ndiye aliyekuwa na mkono katika kuzirusha mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani. Mtu anaweza kuichukia hukumu hiyo au kuikubali. Mimi kilichonishughulisha ni swali ambalo majaji walilazimika kulichambua: wimbo ukishatoka mkononi mwa mtunzi na kuingia katika mashine ya mwingine, ni wa nani? Sisi washairi hulidai jina letu wimbo unapoleta sifa. Nimejiuliza kama tungelidai pia siku unapoleta damu.

Sasa nifike kwenye habari ambayo nimeikwepa kwa miaka mingi. Mwaka 1996, kabla ya Wanyarwanda kurejeshwa kwao mwezi Desemba, nilikuwa nikitembelea kijiji kimoja cha Wahangaza si mbali na mji wa Ngara. Bibi mmoja alikuwa akiimba bembelezi na nyimbo za kumsindikiza bibi harusi. Alinikubalia nirekodi kwa redio yangu ndogo, akaimba pande mbili za kanda, akanipa na uji. Nilimwachia nakala ya kanda ile. Niliporudi kisiwani nilizifasiri nyimbo tatu kwa Kiswahili, nikazisawazisha vina na mizani, nikazichapisha. Chini yake niliandika: "Nyimbo za jadi za Kihangaza, zimefasiriwa na," likafuata jina langu.

Sikumtaja. Wakati ule niliona ni sahihi kabisa, kwani nyimbo za jadi zina mwenyewe? Kumbe katika zile tatu, moja ameitunga bibi mwenyewe, kwa ajili ya mwanawe aliyefariki. Alinambia, na imo ndani ya kanda, kwa sauti yake, baina ya wimbo na wimbo. Nami sikuisikiliza sehemu ile mpaka miaka mingi baadaye. Yule kijana wa Lusahunga aliniondolea jina kwa kutojua. Mimi nililiondoa la bibi ilhali linasemwa masikioni mwangu.

Neno "jadi" si baya, lakini lina hatari zake, na hata sheria imelitambua jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, ina sehemu mahususi inayolinda sanaa za jadi, na imeikabidhi kazi hiyo kwa Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa mtunzi anayejulikana, haki hudumu maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Tena haki hiyo haingoji kusajiliwa. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, mwaka ule ule wa Benaco, na msingi wa mkataba huo ni kwamba kazi inalindwa tangu inapoundwa. Maana yake bibi yangu wa Ngara alikuwa na hakimiliki kamili siku aliyonipa uji. (Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2003 na chombo chetu, COSOZA, makosa yangu nimeyafanya chini ya paa zote mbili.)

COSOTA ilianza kazi mwaka 2001, na ukitaka kuona kazi iliyoikabili, tazama mambo ya Saida Karoli. Mwimbaji huyu wa Kihaya kutoka Bukoba alivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wimbo wa "Maria Salome". Katika barabara ya Bukoba na Biharamulo sikupanda basi miaka hiyo bila ya kumsikia. Watu wasiojua neno moja la Kihaya waliimba naye. Ninadiriki kusema kwamba kanda zake nilizoziona katika vibanda vya Biharamulo, Nyakanazi na Ngara zilikuwa nyingi za kunakiliwa kuliko za halali, kwa vile zilifunikwa kwa karatasi ile ile ya daftari. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutoa upya wimbo huo kwa sura mpya, na vijana wakaenda kuutafuta wa asili. Waliupata, kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya nakala zile zile.

Serikali ilijaribu. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kubandika stempu za kodi juu ya kanda na diski za muziki na filamu, ili mnunuzi atambue halali na haramu. Wazo halikuwa baya, ila lilichelewa: lilifika wakati kanda inakata roho na diski inaugua. Wakati huo vibanda vya mafundi vilikwisha kubadilika. Fundi alikuwa na kompyuta moja iliyojaa vumbi, na wateja walimletea kadi ya memori ya simu au flashi, wakasema: "Niwekee nyimbo." Kumi kwa shilingi elfu moja, na ukiwa mteja wa siku zote anakuongezea tano za injili. Stempu utaibandika wapi katika kadi ndogo kuliko ukucha?

Kitu kingine kikapotea hapo. Kanda ya daftari ilikuwa na mwandiko wa mtu, walau ungeweza kumwuliza aliyeandika. Wimbo wa kwenye kadi ulikuja na alama za kompyuta tu, na juu ya kioo cha simu pakaandikwa kwamba msanii hajulikani. Nimeliona tangazo hilo juu ya sauti ambazo kila mtoto wa Afrika Mashariki anazitambua. Mashine haikuwa na haya.

Na njia ya halali? Mwaka 2003, Apple ilipofungua duka la nyimbo katika intaneti kule Marekani, mtu wa Biharamulo hakuwa na kadi ya benki, kompyuta wala umeme wa kutegemea. Mlango wa kwanza wa kweli ulikuwa simu. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na mkulima wa kahawa akaanza kumlipa mtu aliye mbali bila ya kwenda mjini. Zikaja nyimbo za miito, ambazo mteja alikatwa fedha kidogo kidogo kutoka katika salio lake, na nazo zikaleta mgogoro wake. Mwaka 2016 mahakama ya wilaya jijini Dar es Salaam iliwapa ushindi wasanii AY na MwanaFA dhidi ya kampuni moja ya simu iliyotumia nyimbo zao, na kutaja fidia ya zaidi ya shilingi bilioni mbili. Shauri likapanda ngazi za rufaa. MwanaFA mwenyewe mwaka 2023 aliteuliwa kuwa naibu waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Maisha hupenda kejeli kuliko watunzi.

Halafu yakaja maghala ya muziki ya mtandaoni. Mdundo, iliyoanzia Kenya, humwachia msikilizaji apakue wimbo bure na kumlipa msanii kutokana na matangazo. Boomplay ilipandikizwa ndani ya simu za Tecno tangu kiwandani, na kwa kuwa simu hizo ndizo zinazouzwa Ngara, duka la halali lilifika kijijini ndani ya boksi la simu, bila ya mtu kuliita. Spotify ilifunguliwa kwa Tanzania mwaka 2021. Mwezi Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ukigawa, kila mmoja anaambulia kiasi cha kununulia mbuzi wachache, lakini kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kulipwa kwa wimbo uliopigwa wao hawapo.

Sisemi kwamba fundi wa kadi za memori amefunga kibanda. Bando la intaneti lina bei, na mtu mwenye shilingi elfu moja hupiga hesabu yake. Lakini jambo moja katika maghala haya limenigusa kuliko fedha. Hayapokei wimbo usio na jina. Kila rekodi hupewa msimbo wa herufi na tarakimu 12 uitwao ISRC, na anayeuwasilisha wimbo hana budi kujaza nafasi: mwimbaji nani, mtunzi nani. Sikutegemea kwamba fomu ya kompyuta ndiyo itakayoniuliza swali nililokataa kujiuliza mwaka 1996.

Nilirudi Ngara hivi karibuni. Bibi alikuwa amekwishafariki. Mjukuu wake, kijana anayefanya kazi ya kurekodi kwaya za kanisani, alinisikilizisha kutoka katika simu yake sauti ambayo niliijua mara moja: ile nakala niliyoiacha. Ilitoka katika kanda ikaingia katika diski, kutoka katika diski ikaingia katika kadi ya mtu, ikazunguka mpaka Biharamulo na kurudi, na wapo waliokuwa wakiitumia katika harusi. Kwenye kioo pakaandikwa wimbo wa saba, msanii hajulikani. Nilimweleza kosa langu lote. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ile kanda ya mwanzo bado ninayo.

Nilikuwa nayo mkobani. Tulikaa siku mbili tukiisafisha, naye akajifunza kutoka kwangu maneno mawili matatu ya Kihangaza ya zamani, jambo lililotuchekesha sote, mimi nikiwa mtu wa kisiwani. Jina la bibi silitaji hapa, kwani jamaa zake wameomba litoke kwanza pamoja na wimbo wenyewe. Tulipoifungua fomu, nafasi ya mwimbaji ilijazwa bila ya taabu. Nafasi ya mtunzi tuliijaza kwa wimbo ule mmoja wa mwanawe. Kwa zile mbili nyingine kijana alisita, kwa sababu bibi anasema ndani ya kanda kwamba alizipokea kwa mama yake, naye kwa mtu wa ng'ambo ya Ruvubu, na fomu haikuwa na nafasi ya mto.

"Na wewe, mzee, nikuandike wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia hakuna pa kuniandika. Akaliandika jina la mama wa bibi, akalisoma kwa sauti ili awe na hakika ya herufi zake, kisha mtandao ukakatika, tukatoka nje kukaa barazani kungoja urudi.